Shhh! Yungiyungi la Hidaya Limelala

Haya, kaeni vizuri. Aliye nyuma asogee, na aliye mbele asisukume.

Huyu hapa ni Hidaya. Ana miaka sita. Meno ya mbele hana, lakini maneno anayo mengi.

Kwao ni juu mlimani, Usambara. Asubuhi kuna ukungu, jioni kuna baridi, na katikati kuna kelele za Hidaya.

Mbele ya nyumba yao pana uwanja mdogo. Pembeni mwa uwanja pana bustani ya Mama.

Kila jioni Hidaya na Mama walikaa bustanini. Mama alipalilia, Hidaya alisema. Mama alimwagilia, Hidaya alisema.

Halafu mtoto akazaliwa.

Alikuwa mtoto wa kiume, jina lake Idrisa. Alikuwa na kazi moja tu, nayo ilikuwa kulala.

Kwao Hidaya, mama akijifungua hatoki nje siku arobaini. Hukaa chumbani na mtoto wake. Hunywa uji wa pilipili manga, hukandwa kwa maji ya moto, hupumzika.

Shangazi Mwanaidi, dada yake Baba, ndiye aliyekuja kumkanda Mama. Alikuja na kikapu kimoja, kanga nane na sauti kubwa kuliko nyumba.

Hidaya alitaka kuimba. La la la!

"Shhh!" alisema Shangazi. "Polepole! Mtoto amelala."

Hidaya alitaka kuruka kamba. Pu, pu, pu!

"Shhh! Polepole! Mtoto amelala."

Hidaya alipiga chafya. Chya!

"Shhh! Polepole! Mtoto amelala."

"Hata chafya, Shangazi?"

"Hata chafya. Kapigie nje!" Na sauti ya Shangazi ilisikika mpaka barabarani.

Hidaya akatoka nje. Akakaa bustanini peke yake.

Bustani ilikuwa ileile, lakini Mama hakuwepo. Mama alikuwa karibu, hapo tu nyuma ya dirisha, lakini Shangazi hakutaka watoto waingie chumbani, na Hidaya alimkumbuka sana.

Akaenda dirishani. Akanong'ona.

"Mama, siku arobaini ni nyingi?"

"Ni nyingi kidogo," alisema Mama. "Lakini zinaisha."

"Ukitoka, utakaa na mimi bustanini?"

"Nitakaa. Panda kitu chako mwenyewe, mwanangu. Siku nikitoka, tutakaa tukitazame sisi wawili."

Hidaya alijua papo hapo anachotaka kupanda.

Alitaka yungiyungi!

Jirani yao, Bi Sikudhani, alikuwa na mayungiyungi mengi kando ya ukuta. Kila mwaka mvua ikianza, yalichomoza kutoka ardhini. Yalikuwa mekundu na ya mviringo, kama mpira wenye nywele.

Hidaya akaenda mbio.

"Shikamoo, Bi Sikudhani!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona unahema? Umefukuzwa na nani?"

"Nimekuja kuomba yungiyungi."

Bi Sikudhani akacheka. "Umekuja siku yake. Haya yangu yamebanana kama watu wa harusini. Leo nayapunguza."

Akachimba. Kwatu, kwatu. Akatoa vitu vitatu, akavipanga juu ya gunia.

"Hivi ni vitunguu!" alisema Hidaya.

"Ni vitunguu vya maua. Haviingii kwenye mchuzi hivi. Ukikitia mdomoni, utalia na tumbo mpaka kesho."

Hidaya akaficha mikono nyuma.

"Kushika unaweza," alisema Bi Sikudhani. "Kula ndiyo hapana. Ukimaliza, unanawa. Haya, chagua kimoja."

Cha kwanza kilikuwa kikubwa kama ngumi ya Baba.

"Hiki!" alisema Hidaya.

"Kibonyeze kwanza."

Hidaya akabonyeza. Byeee! Kidole kikazama ndani.

"Kimeoza," alisema Bi Sikudhani. "Ukubwa wa pua si wingi wa kamasi."

Hidaya alicheka mpaka mapengo yote yakaonekana.

Cha pili kilikuwa kizuri, cheupe, kinang'aa.

"Basi hiki!"

"Kinyanyue kwanza."

Hidaya akakinyanyua. Kilikuwa chepesi kama ganda la yai.

"Kimekauka ndani," alisema Bi Sikudhani. "Hakina chakula cha safari."

Cha tatu kilikuwa cha kahawia. Kilikuwa na udongo, kimepinda shingo, na kina ndevu chini.

Hidaya akakibonyeza. Kilikuwa kigumu.

Akakinyanyua. Kilikuwa kizito.

"Huyu ameshiba," alisema Hidaya.

"Ameshiba haswa," alisema Bi Sikudhani. "Huyo atalala vizuri."

"Namchagua huyu."

Bi Sikudhani akamwonyesha namna ya kupanda. "Shingo iwe juu, ndevu ziwe chini. Mfunike kwa udongo wa vidole viwili tu. Kisha mwache alale. Usimfukue kumchungulia! Mvua ndiyo itakayomwamsha."

"Akiamka nitaona majani?"

"Huyu ana mambo yake. Ua hutangulia, majani hufuata."

Hidaya akarudi nyumbani mikono imekumbatia kitunguu chake. Akachimba bustanini. Akaweka ndevu chini, akaweka shingo juu. Akafunika kwa udongo wa vidole viwili.

Akanawa mikono. Akasimama, akatazama.

Hakuona kitu. Palikuwa na udongo mtupu.

Na hapo ndipo kazi ilipoanza. Kulinda kitu kinachoonekana ni rahisi. Hidaya alikuwa analinda kitu ambacho hakionekani!

Kwanza alikuja kaka yake, Twaha, na mpira wa makaratasi.

"Hapa hakuna kitu," alisema Twaha. "Nitaweka goli."

Hidaya akaweka kidole mdomoni.

"Shhh! Polepole.
Hapa pana mtu amelala."

Twaha akatazama chini. "Mtu gani?"

"Yungiyungi."

Twaha akakuna kichwa. Akahamisha goli.

Akaja kuku na vifaranga wake. Paru, paru, paru! Akaanza kuparua.

"Shhh! Polepole.
Hapa pana mtu amelala."

Kuku hakuelewa. Kuku ni kuku. Hidaya akamfukuza, lakini alimfukuza kwa kunong'ona. "Toka… toka… toka…"

Akaja Baba, mzigo wa kuni begani. Alitaka kuutua palepale.

"Shhh! Polepole.
Hapa pana mtu amelala."

Maskini Baba! Akapita kwa ncha za vidole, na kuni zake begani, mpaka jikoni.

Tangu Idrisa azaliwe, kila jioni Hidaya alichora mstari mmoja wa mkaa kwenye ukuta wa jikoni. Mstari mmoja ni siku moja.

Mistari ikawa kumi. Mistari ikawa ishirini. Yungiyungi bado limelala.

Siku moja jioni, upepo ukavuma. Vuuu! Mawingu meusi yakakaa juu ya mlima.

Shangazi Mwanaidi akakimbia chumbani.

"Upepo huo! Baridi hiyo! Mfunikeni mtoto!"

Dirisha likafungwa. Pa! Mlango ukafungwa. Pa! Idrisa akafunikwa kanga, akafunikwa kanga ya pili, kisha akafunikwa blanketi.

Hidaya akafikiri. Wangu je? Wangu yuko nje peke yake!

Akachukua karai kuukuu la Baba, lile la kubebea zege. Akaligeuza. Akamfunika yungiyungi wake. Juu ya karai akaweka jiwe.

"Lala salama," alinong'ona. "Sasa hupati baridi."

Usiku ule mvua ikaja.

Ta.

Ta. Ta.

Ta-ta-ta-ta-tatatatata!

Mvua iligonga juu ya karai. Hidaya alisikia kutoka kitandani. Akatabasamu.

"Bisha hodi tu," aliiambia mvua. "Huingii!"

Ninyi mmeshajua, naona mnatazamana. Hidaya yeye alikuwa hajajua.

Mvua ikanyesha siku ya kwanza. Ikanyesha siku ya pili. Ikanyesha siku ya tatu.

Kwa Bi Sikudhani, kando ya ukuta, kikachomoza kitu chekundu. Kikachomoza kingine, na kingine. Baada ya siku chache ukuta mzima ukawa mwekundu.

Hidaya akainua karai kidogo, akachungulia. Palikuwa na udongo mtupu.

Akafunika tena haraka, asipate baridi.

Kesho yake akachungulia. Udongo mtupu.

Akamwita Baba ahesabu mistari ya jikoni.

"Thelathini na tatu," alisema Baba. "Zimebaki siku saba Mama atoke."

Hidaya akaondoka bila kusema neno. Na Hidaya akinyamaza, ujue kuna jambo.

Alikuwa na hofu. Mama atatoka, hataona ua. Sasa atatazama nini? Si atarudi ndani kwa Idrisa?

Akaenda dirishani. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni.

"Mama, yungiyungi langu haliamki."

"Wenzake wameamka?"

"Wa Bi Sikudhani wote. Langu tu ndilo halitaki."

"Na mvua yote hii?"

"Mvua imekuja, Mama. Imebisha hodi kwenye karai usiku kucha. Nimeikatalia."

"Kwenye karai?" alisema Mama. "Karai gani?"

"Karai la Baba. Nimemfunika asipate baridi. Kama Idrisa."



Kisha Hidaya akasikia kitu. Kh… kh… kh! Mama alikuwa anacheka, ameziba mdomo kwa kanga.

"Mwanangu," alisema Mama, "kila mtoto na malezi yake. Wangu anakunywa maziwa. Wako anakunywa mvua."

Hidaya akafumbua macho makubwa. "Kwa hiyo ana kiu?"

"Ana kiu siku zote hizi, masikini. Kimbia!"

Hidaya alikimbia. Alitupa jiwe kule, akavuta karai huku.

Udongo ulikuwa mkavu kama jivu.

"Nisamehe," alisema Hidaya. "Sikujua. Ni mara yangu ya kwanza kulea."

Mvua ikaanza kudondoka. Ti… ti… ti… Udongo ukanywa. Ukanywa tena. Na Hidaya akalowa pamoja nao, mpaka Shangazi alipokuja kumvuta mkono.

Mstari wa thelathini na nne. Udongo mtupu.

Mstari wa thelathini na tano. Udongo mtupu.

Mstari wa thelathini na sita. Subiri! Udongo umepasuka kidogo.

Hidaya akalala kifudifudi, akachungulia kwa jicho moja.

Ndani ya ufa palikuwa na pua. Pua ndogo, nyekundu, iliyofumba.

Hidaya alitaka kupiga kelele. Hakupiga. Aliikumbatia furaha yake tumboni, akaenda nayo jikoni kimyakimya.

Siku mbili kabla Mama hajatoka, Shangazi Mwanaidi akashika jembe.

"Wageni wanakuja!" alisema. "Uwanja huu una majani kama shamba la mvivu. Nafyeka vyote!"

Kwatu! Kwatu! Kwatu! Majani yakaruka huku na huku.

Hidaya alikuwa jikoni, anaosha vikombe. Akasikia jembe. Akachungulia.

Shangazi alikuwa amemaliza uwanja. Sasa alikuwa anaingia bustanini.

Kwatu! Bado hatua tatu.

Kwatu! Bado hatua mbili.

"Shhh," alisema Hidaya. "Polepole…"

Shangazi hakusikia.

Kwatu! Bado hatua moja.

Hidaya akavuta pumzi yote iliyokuwapo mlimani.

"SHANGAZIIII! SIMAMAAAA!"

Kuku akaruka. Vifaranga wakatawanyika. Twaha akaanguka juu ya mpira wake. Jembe la Shangazi likabaki hewani.

Na ndani ya nyumba…

"Waaa! Waaa! Waaaaa!"

Idrisa alikuwa ameamka.

Hidaya akaziba mdomo kwa mikono miwili. Povu la sabuni likamjaa mashavuni.

Shangazi akatazama chini. Karibu kabisa na kidole chake cha mguu, aliiona pua nyekundu.

Akashusha jembe. Taratibu.

"Kumbe hapa kweli pana mtu," alisema Shangazi Mwanaidi. Na kwa mara ya kwanza tangu aje, alisema kwa sauti ndogo.

"Nimemwamsha Idrisa," alisema Hidaya.

"Umemwamsha. Yule atalala tena, ndiyo kazi yake. Huyu ningemkata, ningemrudishaje?"

Sauti ya Mama ikatoka dirishani. "Hidaya! Njoo huku."

Hidaya akaenda. Alikwenda polepole, miguu mizito. Alijua anakwenda kugombezwa.

Chumbani Idrisa alikuwa analia, ngumi juu, mdomo wazi. Mama alikuwa amempakata.

"Ile ilikuwa sauti yako?" aliuliza Mama.

"Ndiyo, Mama. Samahani."

"Nilikuwa na hamu nayo," alisema Mama. "Siku zote hizi unaninong'oneza tu. Nilidhani wamekuibia sauti."

Hidaya akamtazama Mama. Mama hakuwa amekasirika. Mama alikuwa na machozi kidogo, ya kicheko.

"Njoo, mwimbie ndugu yako. Usinong'one. Mwimbie."

Hidaya akapanda kitandani. Akaimba.

"Idrisa, Idrisa,
kichwa kitunguu!
Nywele ziko wapi?
Zinakuja kesho kutwa!"

Idrisa akanyamaza. Akamtazama dada yake. Akatoa ulimi.

"Amenitolea ulimi!"

"Amekupenda," alisema Mama.

Hatimaye siku ya arobaini ikafika.

Sufuria la pilau lilikuwa motoni tangu alfajiri. Harufu ilipanda mlima, ikashuka, ikaleta wageni. Shangazi alifunga kanga mpya. Baba alivaa kanzu. Twaha aliogeshwa kwa nguvu.

Hidaya alikimbilia bustanini kabla ya chai.

Yungiyungi lilikuwa limesimama! Bua lake lilikuwa nene na lenye madoa. Lilikuwa refu kufika gotini.

Lakini kichwa kilikuwa kimefumba.

"Fumbua," alisema Hidaya. "Tafadhali. Ni leo."

Yungiyungi halikufumbua.

Akalipulizia. Halikufumbua. Akaliimbia. Halikufumbua. Akakaa kando yake kimya. Halikufumbua.

"Anatoka! Anatoka!" walisema wageni.

Lililili! Vigelegele vikapanda.

Mama akatokea mlangoni, amembeba Idrisa. Jua likamgonga machoni, akafumba, akafumbua. Alikuwa mzuri sana siku ile.

Mikono kumi ikamnyookea mtoto. "Mlete! Mlete tumwone!" Idrisa akaenda kwa huyu, akaenda kwa yule.

"Wifi, kiti chako hiki hapa!" alisema Shangazi. "Kaa, ule pilau ikiwa ya moto."

Mama akatazama kiti. Akakipita.

Akapita pilau. Akapita wageni. Akaja moja kwa moja bustanini.

Hidaya akasimama mbele ya yungiyungi. Akatanua gauni lake, alifiche.

"Halijafumbua, Mama," alisema. "Nililifunika siku nyingi, sasa limechelewa. Hakuna cha kutazama. Unaweza kurudi ndani."

Mama hakurudi ndani.

Mama alikaa chini, kwenye udongo, na kanga yake mpya.

"Wifi! Kanga! Udongo!" alipiga kelele Shangazi.

"Itafuliwa," alisema Mama.

Akamvuta Hidaya, akamkalisha mapajani.

"Siku arobaini nimetazama ukuta," alisema Mama. "Unajua nilikuwa nataka kutazama nini?"

"Yungiyungi."

"Nilitaka kukutazama wewe. Ua ni nyongeza tu."

Hidaya akaegemea kifua cha Mama. Alinyamaza kidogo. Kidogo tu.

Halafu maneno yakatoka. Alikuwa na maneno ya siku arobaini! Alisimulia kitunguu kilichooza, byeee. Alisimulia kuku asiyeelewa. Alisimulia Baba na kuni zake, na karai, na mvua, na pua nyekundu. Mama alisikiliza, na vidole vyake viling'oa majani taratibu.

Wageni walikula. Wageni walicheka. Jua likapita juu ya paa, likaanza kushuka upande wa pili.

"Eti nyie!" alisema Twaha. "Mbona hamlitazami?"

"Tutazame nini?" aliuliza Hidaya.

"Ua lenu! Linafumbua!"

Hidaya na Mama wakageuka.

Uzi mmoja mwekundu ulikuwa umechomoza. Ukachomoza wa pili. Wa tatu. Kumi. Ishirini. Kila uzi ulijinyoosha, kama mtu anayejinyoosha kitandani asubuhi.

"Ameamka!" alisema Hidaya. Na alilisema kwa sauti yake yote. "AMEAMKAAAA!"

Wageni wakaja na sahani zao. Baba akaja. Bi Sikudhani akaja, akainama, akatikisa kichwa kwa furaha.

"Mchaguzi mzuri," alisema. "Umechagua mwenye kushiba."

Shangazi akaja na Idrisa mgongoni. Idrisa alitazama ua jekundu. Akapiga chafya.

Chya!

Watu wote wakacheka, na Hidaya akacheka kuliko wote.

Jioni ikaingia. Wageni wakaondoka mmoja mmoja. Sufuria likaoshwa. Ukungu ukashuka mlimani.

Idrisa alikuwa mgongoni kwa Shangazi, anabembelezwa. Mama akaja kitandani kwa Hidaya. Alikuwa hajaja huko siku arobaini.

Akajilaza kando yake.

"Mama," alisema Hidaya. "Kesho utatoka tena?"

"Nitatoka."

"Na kesho kutwa?"

"Na kesho kutwa."

"Na mtondo?"

"Na mtondo pia."

"Na mtondogoo?"

Mama hakujibu.

Hidaya akageuka, akamtazama. Macho ya Mama yalikuwa yamefumba. Alikuwa anapumua polepole. Hhh… hhh… hhh…

Hidaya akavuta blanketi. Akalivuta tena, mpaka likawatosha wote wawili.

Akashika kidole cha Mama, akalala.